Programu ya kuchora mbinu za kumite (pambano la karate): draw.io kwanza, yEd mchoro ukikua

Wengi huanza na programu za ramani ya mawazo kama FreeMind au XMind. Ni nyepesi na zinapendeza, ila hujenga mti: kila tawi lina mzazi mmoja. Kumite haiendi hivyo. Unarusha kizami-zuki (ngumi ya mkono wa mbele), mpinzani anarudi nyuma, mnajikuta tena kwenye umbali mrefu mlikoanzia. Ndani ya mti utaandika "umbali mrefu" mara nane, na ukirekebisha mahali pamoja tu, kwingine kote kunabaki na ya zamani. Mishale ya kuunganisha matawi ipo, lakini programu haiizingatii inapopanga mchoro. Ikifika kumi hivi inapita juu ya maandishi.

Kwa karateka au kocha anayeanza, chaguo letu ni draw.io. Ni ya bure, na toleo la kusakinisha kwenye kompyuta linafanya kazi bila intaneti. Ndani ya visanduku andika hali, si mbinu: "umbali wa kati", "mmekaribiana", "nimesimama mguu mmoja". Mbinu zikae juu ya mishale: bofya mshale mara mbili, andika jina na pointi zake. Mishale yako iwe myeusi, ya mpinzani myekundu.

Hapo ndipo mchoro unapoanza kufundisha. Kutoka umbali wa kati, gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) inakupa yuko, pointi 1. Mawashi-geri (teke la kuzungusha) ya tumboni waza-ari, 2. Ya kichwani ippon, 3. Kwa pointi peke yake ungepiga teke la kichwa kila mara. Lakini teke likikosa linakupeleka kwenye "nimesimama mguu mmoja", na hapo unatoka mshale mwekundu: ashi-barai (kukufagia mguu), kisha ngumi ukiwa chini, nayo ni ippon ya mpinzani. Kisanduku chenye mishale myekundu bila hata mmoja mweusi wa kutokea ndicho cha kufanyia kazi mazoezini.

Tatizo la kila mara kwenye draw.io ni mshale usioshika. Ukiuvuta, subiri ukingo wa kisanduku ubadilike rangi ndipo uachie. La sivyo, ukisogeza kisanduku mshale unabaki nyuma. Mpinzani anayesubiri na yule anayeanza kushambulia wawekee tabaka tofauti (Ctrl+Shift+L), uwe unaficha moja na kuonyesha jingine. Ukitoa picha ya PNG, chagua nakala ya mchoro iingizwe ndani yake ili mwenzako aweze kuifungua na kuihariri. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa na nakala hiyo inapotea.

Visanduku vikipita ishirini hivi, kupanga kwa mkono kunachosha. yEd, nayo ya bure, inapanga yenyewe na inasoma jedwali la Excel: safu ya hali ya kuanzia, ya mbinu na ya hali inayofuata. Tumia mpangilio wa organic. Ule wa ngazi unazungusha mishale ya kurudi pembeni mwa mchoro mzima, na kumite imejaa mishale ya kurudi.

Graphviz ni ya walio tayari kuandika mchoro kama maandishi. Udhaifu wake ni kwamba mstari mmoja mpya unaweza kuhamisha kila kisanduku, na mchezaji aliyekariri mahali pa kila hali anaanza upya.

Kwa ukuta wa dojo (ukumbi wa mazoezi), chapisha PDF kwenye A3. Kwenye A4 maandishi ya mishale hayasomeki kutoka mita mbili.