Niliisasisha ili ione daraja

Naendesha Noah ya abiria wa kukodi hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni kuwapokea watu uwanja wa ndege na kuwapeleka Geita, Chato, Bukoba, wakati mwingine hadi Ngara. Machi 2025 nilichoka na redio ya Kijapani iliyokuja na gari. Wenye magari yaliyotoka Japani mnaijua hiyo: ramani ni ya Japani tupu, sauti ni ya Kijapani, na siku betri ikichomolewa inakudai kadi ya SD ambayo hata aliyekuuzia gari hajawahi kuiona. Nikaing'oa, nikafunga redio ya Android ya inchi 9. Shilingi 420,000, humo humo kamera ya nyuma na pesa ya fundi. Jina lililoandikwa kwenye boksi silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia sana, maana ubao uleule wa ndani unauzwa kwa majina mengi.

Niseme haki yake kwanza. Miezi mitano ya mwanzo redio ile ilinipa raha. Ramani ilikaa kwenye kadi ndani ya redio yenyewe na GPS inapokea satelaiti bila bando, kwa hiyo hata mtandao wa simu ukikata njiani mshale unaendelea kutembea na wewe. Usiku wa mvua, njia ya Biharamulo, ilikuwa ikinionyesha kona kabla taa hazijaifikia. Dereva wa usiku anajua thamani ya kitu hicho.

Kisha likaja daraja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Kwa sisi wa njia ya Sengerema ilikuwa siku ya kushusha pumzi. Ule muda tuliokuwa tunaupoteza kwenye foleni ya kivuko ukawa dakika za kuhesabu. Lakini ramani yangu ilikuwa ya zamani. Kila nikipanda darajani mshale unaelea kwenye rangi ya bluu, na sauti inanisisitiza nigeuze gari. Nigeuze gari katikati ya daraja! Abiria mgeni akisikia hivyo anakuangalia usoni kutaka kujua kama dereva wake anajua anakokwenda.

Kwa hiyo mwezi wa nane ujumbe ulipotokea kwenye skrini kwamba kuna sasisho lenye ramani mpya na maboresho ya mfumo, sikusita. Nikarusha intaneti kutoka kwenye simu, nikashusha zaidi ya GB 1, gari nikaliacha linaunguruma uani kwangu Nyegezi ili betri isishuke katikati ya kazi, kama fundi alivyoniusia. Dakika 40. Redio ikajizima, ikajiwasha, ikaandika kwamba imekamilika.

Nikaiambia inipeleke Geita, nione kama daraja limeingia. Ikachora mstari: Shinyanga, Tinde, Kahama, ndipo Geita. Karibu kilomita 400, kwa safari ambayo ukipita darajani haifiki 130. Nikadhani nimekosea kuandika, nikaandika upya. Shinyanga tena. Ilinichukua nusu saa kugundua kilichotokea. Daraja halikuwemo, na sasisho lilikuwa limefuta mipangilio yangu yote ya njia na kuwasha lenyewe kile kipengele cha kuepuka vivuko. Bila daraja na bila kivuko, kwa hesabu za redio ile Ghuba ya Mwanza haivukiki, ikaamua kuizunguka yote. Wametutangazia ramani mpya, kumbe njia kubwa iliyofunguliwa miezi miwili kabla hawana habari nayo.

Hilo ningelivumilia, kwa sababu Geita naenda bila ramani. Nisiloweza kulivumilia lilitokea siku ya tatu.

Jioni ile nilimchukua mama mmoja aliyeruhusiwa hospitali ya Bugando baada ya upasuaji wa mguu, akiwa na binti yake, niwafikishe kijijini kwao mbele ya Nyehunge. Tulichelewa kutoka mjini, giza likatukuta Sengerema. Kuanzia hapo ni barabara nisiyoipita mara kwa mara, ila binti alikuwa amenitumia pini ya nyumbani kwao, na yeye mwenyewe anaishi Dar, usiku njia zile zilimchanganya. Tulipoingia tu kwenye michepuko ya vijijini, skrini ikaganda. Mshale umesimama kwenye kona tuliyoipita zamani. Redio ikajizima, ikaleta nembo ya kampuni, ikawaka, ikakaa dakika tatu ikitafuta satelaiti, ikajizima tena. Ilifanya hivyo mara nne. Na kila ikiwaka inapiga ule mlio wake wa kukaribisha kwa sauti ya juu kabisa, kwa sababu sasisho lilifuta hata sauti niliyokuwa nimeipunguza. Mama alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, mguu juu ya mito miwili, kila mlio unamshtua.

Njia tuliyoifuata ikaishia kwenye shamba la mihogo. Hapakuwa na pa kugeuzia, ikabidi nirudi kinyumenyume. Nikaingiza rivasi: nembo ya kampuni. Kamera inatumia skrini ileile, kwa hiyo redio ikiwa inajiwasha upya huna macho ya nyuma, na vioo vya pembeni usiku ule vilikuwa havionyeshi kitu ila majani. Binti akashuka na tochi ya simu. Nikaanza kutoka taratibu, mara nikasikia kofi kwenye bodi.

"Kaka, simama! Simama!"

Nyuma ya tairi la kulia alikuwepo mzee na baiskeli yake, amesogea pembeni kutupisha. Sikumgusa. Nilizima gari nikakaa, mikono inatetemeka kwenye usukani. Mama akaamka, akauliza, "Mwanangu, tumefika?" Nikamjibu bado kidogo, mama. Yule mzee ndiye aliyetutangulia na baiskeli mpaka mlangoni kwao.

Asubuhi yake nilikuwa kwa fundi wangu wa umeme wa magari. Alinieleza hivi: ndani ya redio hizi kuna mfumo wa Android, halafu kuna kichipu kidogo wanachokiita MCU, ambacho ndicho kinachosimamia kuwaka na kuzima, vitufe vya usukani na ishara ya rivasi. Matoleo ya hivyo viwili lazima yaendane. Sasisho lilibadilisha mfumo, MCU likaiacha ya zamani. Ndiyo maana vitufe vya usukani vilikuwa vimekufa tangu siku ya kwanza.

Halafu akanionyesha jambo lililoniuma kuliko yote. Kwenye mipangilio redio imeandika Android 14. Kabla ya sasisho iliandika 13. Akaweka programu ndogo ya kukagua vifaa, ikasoma API 29, yaani namba ya ndani inayotambulisha toleo halisi la Android. Hiyo ni Android 10, ya mwaka 2019. Ina maana mtu kiwandani alikaa, akabadilisha namba kwenye maandishi ili nione nimepanda daraja, na hakupata muda wa kujaribu kama redio inaweza kukaa saa moja bila kujizima. Hilo siwezi kuliita bahati mbaya.

Dukani nilikwenda na risiti ya EFD na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Muuzaji akaniambia, "Bosi, waranti ni ya kifaa. Programu ni mambo ya kiwandani." Nimelifikiria sana jibu hilo. Mimi sikununua kioo na plastiki. Nilinunua kitu cha kunionyesha njia, na kinachonionyesha njia ni hiyo programu. Nikaandika barua pepe kwenye anwani iliyokuwa kwenye boksi, nikaeleza kila kitu, pamoja na habari ya mzee wa baiskeli. Baada ya siku tisa wakanijibu mstari mmoja: nisubiri sasisho lijalo.

Nikasubiri. Lilikuja mwezi wa kumi. Kujizima kulipungua kweli, lakini sasa kila nikizima gari saa inarudi 2018. Unaweza kuona ni jambo dogo. Saa ya kifaa ikiwa si sahihi, vyeti vya usalama vya intaneti vinaonekana bado havijaanza kutumika, kwa hiyo hata uirushie mtandao hakifunguki kitu mpaka urekebishe tarehe kwa mkono. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, nikawa nakaa kwenye gari napanga mwaka.

Ninachowadai hakihitaji utaalamu mkubwa. Kabla sijabonyeza, niambiwe kinachobadilika na kinachofutwa. Nikishabonyeza na mambo yakaharibika, niwe na njia ya kurudi kwenye toleo la jana. Na ukaguzi ufanyike kwenye gari linalotembea, siyo juu ya meza tu. Simu ikikugandia unaiweka mfukoni unaendelea na safari. Redio hii imefungwa kwenye gari, na nyuma yangu kuna watu waliokabidhi roho zao.

Novemba fundi alipata faili la toleo la mwanzo kutoka kwa fundi mwenzake wa Dar aliyekuwa amelihifadhi, akalipandisha kwa fleshi pamoja na MCU yake. Kazi ya saa mbili, elfu thelathini. Vitufe vya usukani alivifundisha upya kimoja kimoja. Sasa redio iko kama ilivyokuwa Machi: haigandi, kamera inawaka papo hapo, saa iko sawa. Masasisho nimeyazima yote.

Ukitaka kununua redio za aina hii, kifaa chenyewe nakipa nyota nne bila kinyongo. Huduma ya masasisho naipa moja kwa sababu hakuna sifuri. Usitoke dukani bila faili la programu ya mwanzo kwenye fleshi yako, na namba ya Android usiisome kwenye mipangilio, isome kwenye API. Na ujumbe wa sasisho ukitokea ukiwa na safari wiki hiyo, uache.

Darajani mshale bado unaelea majini. Nimeweka simu kwenye kishikio pembeni kwa ajili ya kilomita zile 3. Kila Jumatatu nawatumia kampuni barua pepe ileile, naomba waliweke toleo la Machi mahali ambapo kila mteja anaweza kulishusha mwenyewe. Hawajajibu tena.