Delpher: hifadhi ya magazeti ya Uholanzi ikipimwa kwa kazi ya Corry Tendeloo

Delpher ni huduma ya mtandaoni inayosimamiwa na Maktaba ya Kifalme ya Uholanzi iliyoko The Hague, nayo humwezesha mtu yeyote kusoma bila malipo mamilioni ya kurasa za magazeti, vitabu na majarida ya zamani, yakiwemo magazeti ya tangu mwaka 1618. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2013. Nimeitathmini kwa kazi moja mahususi, yaani kufuatilia maisha ya kisiasa ya Corry Tendeloo, wakili mwanamke wa Amsterdam aliyeingia bungeni mwaka 1945, kwa kuwa naamini ubora wa hifadhi ya magazeti hudhihirika pale inapotuonyesha mtu akiwa kazini, katikati ya mabishano ambayo bado hajui yataishaje.

Tendeloo alizaliwa mwaka 1897 huko Sumatra, kisiwa kilichokuwa chini ya ukoloni wa Kiholanzi, akasomea sheria Utrecht, akafanya uwakili Amsterdam, na mwaka 1938 akawa diwani wa jiji hilo kwa tiketi ya VDB, chama cha kiliberali cha mrengo wa kimaendeleo. Chama hicho kilipoungana na vingine mwaka 1946 na kuunda PvdA, yaani Chama cha Kazi, naye alihamia humo, akaendelea kuwa mbunge hadi alipofariki.

Anayeandika jina la Tendeloo bila kuweka mipaka yoyote atakutana na habari nyingi zisizomhusu, maana alikuwapo pia profesa wa patholojia wa Leiden mwenye ukoo huohuo. Vichujio vya Delpher huliondoa tatizo hilo vizuri sana: mtumiaji huchagua kipindi, jina la gazeti, eneo lilikochapishwa, na hata aina ya maandishi, iwe ni habari, tangazo la biashara, tangazo la familia au picha. Nashauri kutafuta kwa jina la ukoo peke yake, kwani magazeti ya wakati ule yalizoea kuwataja wabunge kwa ukoo uliotanguliwa na cheo cha heshima, na anayesisitiza kuandika "Corry" atapoteza sehemu kubwa ya yale anayoyatafuta.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni Septemba 1955. Tangu mwaka 1924 Uholanzi ilikuwa na kanuni ya kuwaachisha kazi watumishi wa umma wa kike walipoolewa, na walimu wa kike nao walikumbwa na masharti ya namna hiyo. Tendeloo aliwasilisha hoja ya kutaka marufuku hiyo iondolewe, akishikilia kwamba si kazi ya dola kumkataza mwanamke aliyeolewa kufanya kazi, na tarehe 22 Septemba 1955 hoja hiyo ikapita kwa kura 46 dhidi ya 44. Serikali haikuitaka, ingawa chama cha Tendeloo mwenyewe kilikuwa ndani ya serikali hiyo pamoja na vyama vya Kikatoliki na Kiprotestanti. Hapa Delpher ina faida ambayo wasifu wowote wa kurasa chache hauwezi kuitoa. Msomaji anaweza kuweka tarehe za juma hilo na kulisoma Het Vrije Volk, gazeti lililokuwa karibu na PvdA, kisha De Tijd la Wakatoliki, kisha De Waarheid la Wakomunisti, akaona jinsi kila moja lilivyowaeleza wasomaji wake kura ileile. Tofauti ya kura mbili huacha kuwa takwimu tu, na mtu huelewa kwamba badiliko hili lingeweza kabisa kukwama kwa miaka mingine mingi.

Jambo la pili linalostahili muda wa msomaji ni uwezo wa kisheria wa wanawake walioolewa, ambao kwa mujibu wa sheria ya zamani hawakuweza kufunga mkataba au kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume. Tendeloo alilipigania suala hili kwa ujuzi wa wakili, na sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1957. Yeye alikuwa amefariki tarehe 18 Oktoba 1956, siku tano tu baada ya Marga Klompé kuapishwa kuwa waziri wa kwanza mwanamke nchini humo. Kwa kuwa mkusanyo wa magazeti unafika mwaka 1995, utafutaji hauishii kwenye tanzia yake: mume aliendelea kuhesabiwa kisheria kuwa mkuu wa ndoa hadi mwaka 1970, na mjadala huo nao unaweza kufuatwa kwa njia ileile.

Zipo kasoro. Maandishi yamesomwa na programu ya kompyuta kutoka kwenye picha za kurasa, kwa hiyo herufi zilizofifia na maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari huweza kupotoshwa, na ni lazima kujaribu tahajia zaidi ya moja. Kasoro hii humgusa zaidi anayemtafuta mtangulizi wa Tendeloo, Betsy Bakker-Nort, mwanasheria aliyeingia bungeni kwa tiketi ya VDB mwaka 1922 na baadaye akanusurika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, kwa sababu jina lake lina kistari katikati. Tena, asiyesoma Kiholanzi atahitaji msaada wa tafsiri, na lugha ya sheria ya miaka ya 1950 haitafsiriki kirahisi.

Kubwa zaidi ni kwamba magazeti hufupisha hotuba. Anayetaka kuona namna Tendeloo alivyojenga hoja zake, pamoja na majibu ya mawaziri, hana budi kwenda kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, ambazo kwa miaka ya 1814 hadi 1995 nazo zimewekwa mtandaoni. Ningependekeza zitumike pamoja na Delpher tangu siku ya kwanza: tarehe ya kikao ipatikane gazetini, kisha kikao chenyewe kisomwe kikamilifu, hasa na wanafunzi wa sheria.