Nilipandikiza ndevu Istanbul: uzoefu wangu kwa wenye nywele za kipilipili

Kama una miaka 22 na mashavu bado hayajaota kitu, subiri. Ndevu za wanaume wengi huendelea kujaa mpaka wanapokaribia 30. Mimi umri huo nilishaupita: kidevuni zilikuwepo, ila kati ya sharafa na kidevu palikuwa patupu pande zote mbili. Vipimo vya homoni vilitoka sawasawa. Kwetu ni kurithi, wajomba zangu wote wako hivyo. Minoxidil, ambayo ni dawa ya kichwani ila watu huipaka usoni, iliniotesha malaika tu.

Kabla ya kukata tiketi nilianzia kwa daktari wa ngozi hapa hapa Dar es Salaam, na hili nawasihi wote mlifanye. Hakuanza na uso wangu. Alishika masikio, akatazama kovu la chanjo begani, kisha akapapasa kisogo akitafuta vile vinundu vinavyotokea baada ya kunyolewa. Alikuwa anatafuta dalili za keloidi, yaani kovu linalovimba na kuenea kupita kidonda chenyewe. Sisi weusi tunazipata zaidi ya wengine. Kama uliwahi kutoboa sikio likaota nundu, au kisogo chako kina vinundu visivyoisha, usimruhusu mtu akutoboe uso matundu elfu mbili. Mimi nilikutwa salama.

Nywele za kupanda usoni hutolewa kisogoni, na njia za kuzitoa ziko mbili. FUT hukata ukanda wa ngozi kisogoni na kushona, kovu linabaki mstari. FUE huchomoa kishina kimoja kimoja, yaani nywele pamoja na mzizi wake, kwa kichuma cha duara chenye upana wa karibu milimita moja, vinabaki vidoa vidogo. Kwa kuwa nanyoa kichwa kifupi, nilichagua FUE. Shida yake kwetu ni kwamba nywele ya kipilipili imejikunja hata chini ya ngozi. Kichuma kikishuka wima, kinakata mzizi katikati, na mzizi uliokatwa hauoti. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila kliniki lilikuwa: mmeshafanya Waafrika wangapi, na picha ziko wapi? Nyingi zilinitumia picha za Waarabu na Wazungu. Hizo niliziacha.

Niliyoichagua sitaitaja jina. Nililipa zaidi kidogo ya dola 2,500 pamoja na hoteli na gari la kunipokea uwanjani. Daktari alinichorea mstari kwa kalamu, nikaomba aushushe kidogo shavuni, akakubali. Akajaribu vishina vichache kwanza, akanionyesha kwenye kioo cha kukuza: vimepinda kama ndoana, lakini vizima. Hapo moyo ukatulia. Sindano za ganzi usoni zinauma, hasa karibu na mdomo, nisidanganye mtu; baada ya hapo husikii kitu.

Lililonikera ni kwamba baada ya kuchora na kutoboa, daktari alitoka, na kazi ya kupanda wakaifanya mafundi wake kwa saa nyingi. Hakuna aliyeniambia mapema. Walikuwa na mikono mizuri, lakini chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii, ISHRS, kimekuwa kikionya kuhusu kliniki zinazowaachia mafundi upasuaji, na mgonjwa ana haki ya kujua nani anamgusa. Uliza, na majibu uyapate kwa maandishi. Pembe ya kupanda ndiyo inayotofautisha ndevu na brashi: usoni nywele inalala karibu sambamba na ngozi, na matundu mengi, hasa ya kingoni, yanapaswa kupokea nywele moja moja.

Siku za mwanzo uso hauguswi maji. Nilimuuliza sheikh wetu kwa simu, nikawa naswali kwa tayamamu. Nililala chali, kichwa juu ya mito, mpaka vigaga vilipodondoka. Kisha, wiki chache baadaye, ndevu zilizopandikizwa zikapukutika. Mke wangu alishtuka sana, ila ndivyo inavyokwenda: nywele inaanguka, mzizi unabaki. Kuanzia mwezi wa tatu, wa nne, zinaanza kurudi, na hesabu kamili unaipata baada ya mwaka. Zikirudi huja na vipele, kwa sababu nywele yetu hujikunja na kuingia tena kwenye ngozi. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kilinisaidia, na wembe niliuweka mbali.

Sasa mashavu yamejaa. Upande wa kushoto ni mwepesi kidogo kuliko wa kulia, na kinyozi wangu anaujua, anapitisha mashine ya namba kubwa pale. Kliniki imenipa nafasi ya kurudi kuongezewa, lakini nywele za kisogoni ukishazitoa hazioti tena pale, na baba yangu alianza kupata kipara kabla ya miaka 40. Zilizobaki naziacha zikae kichwani.