Mashine ya kwanza ya mdundo kwa mtu wa Amu (Lamu): ipi inafaa pesa yako

Chakacha, ngoma yetu ya pwani, huendi nayo kwa moja-mbili-tatu-nne. Mwendo wake ni wa sita, na mashine nyingi za mdundo zina vitufe 16, kila kitufe hatua moja ya mdundo, yaani nne mara nne, hesabu ya disko na hip hop. Kijana wa Lamu akiagiza mashine kwa kufuata kinachosifiwa Berlin au Detroit, usiku wa kwanza tu atagundua kwamba mdundo wa kwao haumo.

Kwa hivyo mtu akiniuliza anunue nini ili afanye muziki bila kompyuta, huwa namrudishia maswali matatu kwanza. Je, mdundo wake unaweza kukatwa ukaishia hatua ya 12, yaani sita mara mbili? Je, inafanya kazi stima ikipotea? Na kama ni kinanda, noti zake zinasogea robo toni, yaani nusu ya ile nusu toni ya kawaida? Bei ni swali la nne. Nimepanga orodha hii kwa maswali hayo. Bei ninazotaja ni za dola, takriban zile za kifaa kilipotoka. Juu yake weka VAT ya asilimia 16, ushuru wa forodha, nauli ya kufika Mokowe na boti ya kuvukia.

Nafasi ya kwanza naipa Roland TR-6S, iliyotoka 2020 kwa kama dola 400. Ni ndogo, inaingia kwenye mkoba wa shule, na inakula betri nne za AA, mawe yale yale unayoyapata duka lolote la mtaani. Ndani yake mna sauti za TR-808 na TR-909, mashine za mdundo za zamani za Roland. Ile 808 yenyewe ilitengenezwa kati ya 1980 na 1983 tu, zikatoka kama 12,000 hivi, na sauti zake si rekodi za ngoma halisi. Ni saketi za umeme zinazotengeneza mlio. Ndiyo maana kiki yake, ile ngoma nzito ya chini, inavutika: ukiurefusha mkia wake unapata mvumo mzito ambao, kwa sikio langu, umekaribia vumi, ngoma yetu ya sauti nzito, kuliko rekodi yoyote ya ngoma za kizungu.

Kilichoiweka juu lakini ni hesabu. Unaiambia ihesabu kwa tatu-tatu, unaweka hatua ya mwisho iwe 12, na kila pigo kuu linabeba hatua tatu. Mimi naanza na vumi hatua ya 1 na ya 7. Kisha natafuta sauti kavu fupi ya kushika nafasi ya ngoma ndogo ya chapuo, naiweka katikati ya hizo, naisogeza kitufe kimoja kimoja huku nimefumba macho. Ikikaa sawa utajua, kwa sababu bega litaanza kucheza lenyewe. Zaidi ya hayo, inapokea sauti zako kupitia kadi ya SD. Ukirekodi ngoma halisi ya msondo ya fundi wa mtaa, mashine itakupigia msondo huo huo.

Nafasi ya pili watu wengi watanibishia. Ni Korg Monologue, kinanda kidogo cha vitufe 25 cha mwaka 2017. Kinatoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na wauzaji watakwambia huo ni upungufu. Kwa mtu aliyekulia kwenye taarabu si upungufu hata kidogo, maana mpiga udi naye anaimbisha mstari mmoja. Msikilize marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, jinsi udi wake unavyotembea peke yake kabla ya sauti kuingia, halafu uniambie kama noti moja haitoshi.

Sababu ya kukipandisha hivi ni kwamba unaweza kukitunia upya, noti baada ya noti. Kinanda cha kawaida kimegawanywa kwa nusu toni, senti 100 kila moja (senti hapa ni kipimo cha sauti, si pesa), basi. Rasti, moja ya maqamu (mipangilio ya noti) ya Kiarabu, haimo humo. Ukianza rasti kwenye do, mi yake inashuka nusu ya njia kuelekea mi bemoli, kama senti 50 chini, na noti ya si inashuka vivyo hivyo. Kwenye Monologue unaingia kwenye mizani, unazishusha hizo noti mbili, unahifadhi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilibonyeza do, re, mi taratibu, na ile mi ilipotoka nikanyamaza kidogo. Ilikuwa sauti ya ukumbi wa harusi, inatoka kwenye sanduku la Japani linalotumia betri sita za AA. Hatua zake 16 pia zinaweza kuzimwa zikabaki 12.

Mtu anayetaka noti nyingi kwa pamoja na maqamu ya Kiarabu tayari ndani, atafute Yamaha za mfululizo wa PSR-A, ambazo zimetengenezwa makusudi kwa muziki wa Mashariki ya Kati. Hivyo ni vinanda vya bendi, vikubwa na vizito kubeba. Kwa harusi zinafaa sana, lakini kwa kujifunza kutengeneza sauti yako kutoka mwanzo hazikusaidii sana.

Ya tatu ni Roland SP-404MKII ya 2021, kama dola 500. Hii ni sampla, yaani inanasa sauti na kukurudishia kwenye vibao 16 vya kubonyeza. Inatumia betri sita za AA. Efekti zake ni nyingi na nzuri: mwangwi, ukwaruzo wa sahani ya santuri, vichujio. Ukiwa na hii, kifaa cha mwangwi cha pembeni cha nini tena? Haina maiki ya ndani, ina tundu la maiki au gitaa, kwa hivyo weka bajeti ya maiki. Ingekuwa nafuu kidogo ningeipandisha, kwa sababu mtu wa Amu amezungukwa na sauti: pembe za vugo (ngoma ya kina mama ya harusi), zumari, mawimbi yakigonga ubavu wa jahazi, punda asubuhi na mapema kwenye vichochoro.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Usirekodi shughuli ya kina mama bila idhini yao. Ngoma ya ndani ni ya ndani, na bibi harusi na mashoga zake hawakuja kuwa sampuli yako. Waombe wapigaji siku nyingine, waelezee unachofanya, walipe. Mimi nimekaa na mabibi wawili barazani nikarekodi pembe zikigongwa, kila pigo peke yake, dakika ishirini nzima, na mmoja wao akanisahihisha mara tatu namna ya kushika maiki. Sauti hizo ndizo ninazozithamini kuliko zote nilizo nazo. Maulidi siyagusi kabisa. Ile ni ibada.

Ya nne, Roland T-8 ya 2022, karibu dola 200. Kwa mwenye pesa chache na anayetaka kitu kipya, hii ndiyo. Ina njia sita za mdundo na moja ya besi yenye tabia ya TB-303, mashine ya besi ya zamani ya Roland, na mdundo unaukata ukaishia 12. Betri yake iko ndani na inachajiwa kwa USB, inakaa saa nne na kitu. Kasoro yake ni betri hiyo hiyo: ikichoka baada ya miaka, huendi dukani kununua nyingine kama mawe ya AA.

Ya tano, Korg Volca Beats ya 2013, lakini iliyotumika. Malindi wapo wageni wanaoondoka na kuacha vitu, na vifaa hivi vidogo hupatikana ukiuliza. Ina spika ndani na betri sita za AA, unaweza kukaa nayo ufukweni. Sneya yake, ile ngoma ya mlio mkali, ni nyembamba, kiki yake tamu. Unazima hatua nne za mwisho zikabaki 12, ila mashine itaendelea kudhani inahesabu kwa nne. Ukitaka mapigo 120 kwa dakika ya hatua tatu-tatu, iweke kwenye 90. Hesabu ni rahisi: 90 mara nne ni hatua 360, gawanya kwa tatu.

Teenage Engineering PO-33 nimeiweka mwisho. Ni sampla ya saizi ya kikokotoo, ina maiki, sekunde 40 za kumbukumbu, betri mbili za AAA. Inafundisha haraka na watoto wanaipenda. Lakini saketi yake iko wazi, haina ganda, na hewa yetu ni ya chumvi. Inunue pamoja na ganda lake.

Elektron Digitakt, sampla na mashine ya mdundo kwa pamoja, sijaipanga kwa sababu haina betri. Ni mashine nzuri mno kwa mwenye sola nyumbani.

Ukinunua iliyotumika, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa ishike mkononi. Bonyeza kila kitufe, zungusha kila nobu ukiwa na hedfoni, usikilize mikwaruzo. Fungua mlango wa betri uangalie zile springi. Mashine yangu ya kwanza niliiacha na betri ndani msimu mzima wa kaskazi, na nilipofungua nikakuta ukungu wa kijani na mweupe umekula chuma. Nilisugua kwa siki na mswaki, upande mmoja ukapona.

Adapta nayo iangalie alama. Kuna mchoro mdogo wa duara wenye nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa. Volca inataka chanya katikati, pedali za gitaa za Boss zinataka hasi katikati, na zote ni volti 9. Adapta ya Japani inaweza kuandikwa volti 100 peke yake. Stima yetu ni 240, usiichomeke.

Kwenye boti ya Mokowe ifunge kwa mifuko miwili ya plastiki na uiweke mapajani, si sakafuni. Ukifika nyumbani, iweke kwenye debe la biskuti lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.