Okidi Zinazochanua Uani: Kipi Kinunuliwe Kwanza Dhidi ya Wadudu

Anayepanda okidi nje ya nyumba mjini Tanga amejaliwa hewa yenye joto na unyevu ambayo wapenzi wa maua haya katika nchi za baridi huitengeneza kwa gharama ndani ya nyumba za vioo, lakini hewa hiyohiyo huwafaa pia konokono, vidung'ata (wadudu weupe wanaofanana na pamba) na wadudu magamba. Ugumu huzidi mmea unapochanua, kwa kuwa dawa nyingi ambazo majani huzistahimili huacha madoa kwenye petali, na ua la Phalaenopsis, mojawapo ya aina za okidi, ambalo lingedumu miezi miwili au zaidi linaweza kuharibiwa na unyunyizaji wa siku moja. Kwa sababu hiyo nimetanguliza vitu vinavyomzuia mdudu asifike, kisha dawa, kuanzia isiyogusa ua.

Nafasi ya kwanza ninaipa waya wa kuning'inizia, pamoja na grisi na neti ya kivuli. Chungu kinachoning'inia hakifikiwi kwa urahisi na konokono, ambao nyakati za masika hutoka usiku na kutafuna ncha za mizizi na vichipukizi vya maua. Paka grisi kwenye sehemu ya juu ya waya ili sisimizi wasipite. Sisimizi hawali okidi, bali huwachunga vidung'ata kama mifugo kwa ajili ya majimaji matamu wanayoyatoa, na huwafukuza wadudu wengine ambao wangewala. Wanaotumia meza huisimamisha miguu yake ndani ya makopo ya maji. Njia hiyo inafaa, ila maji yasiyobadilishwa huzaa mbu, na sioni sababu ya kuugua kwa ajili ya ua.

Neti ya kivuli huuzwa kwa mita na hupimwa kwa asilimia ya mwanga inaouzuia. Phalaenopsis hutaka ya asilimia 70 hadi 75, ilhali Vanda, okidi nyingine ambayo hupenda jua zaidi, hutosheka na ya 50. Neti hiyo huzuia ndege na panzi wakubwa, lakini haiwezi kuzuia vithiripi, wadudu wembamba wa maua na majani ambao urefu wao ni milimita 1 hadi 2 tu. Muuzaji akikushauri uchukue neti ya wadudu yenye matundu madogo mno, usikubali haraka, kwa sababu hupunguza upepo, na mmea uliokosa upepo katika mvua za pwani hushikwa na ukungu na kuoza upesi kuliko ambavyo mdudu angeuharibu.

Ya pili ni spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, pamoja na pamba. Vidung'ata huonekana kama vipande vya pamba kwenye maungio ya majani. Wapanguse mmoja mmoja bila kugusa petali, kisha urudie baada ya siku 7 hadi 10, kwa kuwa mayai yaliyojificha huwa yameanguliwa. Kwa mwenye mimea michache, sijaona kinachoishinda kwa bei wala kwa usalama.

Mafuta ya mwarobaini nimeyaweka nafasi ya tatu, ingawa wengi wangeyapa ya kwanza. Nunua yaliyokamuliwa bila moto, yenye rangi ya kahawia na harufu kali, kwani yaliyosafishwa mpaka yakapoteza harufu huwa yamepungukiwa na azadiraktini, kiambato kinachowazuia wadudu kula na kukua. Changanya mililita 5 kwa lita moja ya maji pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, utumie siku hiyohiyo, jioni, kabla maua hayajafunguka. Mimi niliwahi kunyunyiza saa sita mchana juu ya okidi ya Dendrobium iliyochanua, na kufikia kesho yake petali zilikuwa na madoa kama karatasi iliyomwagikiwa chai.

Chambo cha konokono ni cha nne. Chagua chenye fosfati ya chuma. Chenye metaldehaidi huwaua pia mbwa na paka, na uani mwenye kuku na watoto hakina nafasi.

Mwishoni kabisa nimeweka viuatilifu vinavyosambaa ndani ya mmea, kama vile imidaklopridi. Huwamaliza vidung'ata, lakini hudhuru nyuki, na havina msaada kwa utitiri, ambao si mdudu na hushamiri wakati wa ukavu. Huo huondolewa vizuri kwa kuosha upande wa chini wa majani kwa maji. Ukilazimika kuvinunua, ingia duka la pembejeo, usome kibandiko, na uhakikishe kuwa dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Iliyopimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko iache hukohuko dukani.