Visu na vizibuo vya Kifaransa: pitisha ukucha kwanza, bei baadaye

Krismasi ya mwaka juzi nilimnunulia mume wangu kisu cha Laguiole, yaani kisu cha kukunja chenye jina la kijiji cha Ufaransa, katika duka la watalii kusini mwa Ufaransa. Mpini wa pembe ya ng'ombe, mweusi wenye mawimbi meupe, na kizibuo kimekunjwa mgongoni. Nililipa euro 89. Majira yote ya baridi kilikaa kwenye rafu juu ya hita. Mwezi wa tatu nilipokishika nikahisi kitu kinanikwaruza kidole gumba. Pembe ilikuwa imesinyaa na kuachana na kofia ya chuma iliyo kwenye ncha ya mpini, ukabaki ufa ambao ukucha wangu uliingia bila shida. Humo ndani mlikuwa na jibini kavu.

Nikakirudisha dukani. Muuzaji akanijibu kwamba pembe ni kitu cha asili, basi. Tangu nilipoweka picha ya ule ufa, wasomaji wawili walioko huku Ulaya wameniletea picha za visu vyao, na ufa uko palepale.

Kwa hiyo leo sizungumzii makali wala aina ya chuma. Kisu kikiwa butu kinanolewa. Sizungumzii hata nyuki aliyechongwa juu ya springi, alama ya visu vya Laguiole, ambaye wanunuzi wengi humkagua kama hati ya shamba. Mimi naangalia mahali mpini unapokutana na chuma, kwa sababu hapo pakishaachana hapana dawa.

Mti na pembe huvuta unyevu na kuutoa, chuma hakifanyi hivyo. Fundi akitumia mti ambao haujakauka sawasawa, utaendelea kusinyaa ukiwa umeshapigiliwa ribiti, na nafasi itatokea kwenye kiungo. Maji yataingia, uchafu utafuata, kisha kutu. Ukiwa dukani, funga kisu, pitisha ukucha kutoka kwenye mti kwenda kwenye kofia ya chuma, pande zote mbili, ncha zote mbili. Halafu pitisha mgongoni, ambapo mpini umelalia bamba la chuma la ndani. Ukucha usikwame popote. Kisha kinyanyue uelekeze kwenye taa: mwanga ukipenya, kirudishe kwenye kabati lao. Vizibuo vya wahudumu wa mikahawa vikague vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, maana vinashikwa na mikono yenye maji ya barafu usiku kucha.

Namba moja kwangu ni watengenezaji wa Forge de Laguiole, na sifichi kwamba naipendelea. Iko kijijini Laguiole kwenyewe (wenyeji hutamka "layol"), kwenye nyanda za juu za Aubrac, tangu 1987. Jengo lao, lililobuniwa na Philippe Starck, mbunifu Mfaransa, lina bapa kubwa la kisu lililochomoza juu ya paa. Nina kisu chao chenye mpini wa mpingo. Ndiyo, mpingo huuhuu wetu wa Kilwa na Lindi, ambao Wafaransa huuita grenadille. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na ukishakauka vizuri hautikisiki ovyo. Majira ya baridi manne sasa, ukucha wangu bado unateleza kama juu ya kioo. Bei inapita euro 100 na inaniuma, lakini nililipa mara moja. Wakiwa hawana mpingo, chukua mreteni, mti wa hukohuko kwao, una harufu tamu ukiufuta kwa kitambaa.

Ya pili ni Fontenille-Pataud ya mjini Thiers. Kuna watu wanadharau Thiers kwa kuwa si Laguiole. Hawajui kwamba mji huo umefua visu kwa karne nyingi, na kwamba kazi ya Laguiole ilipokaribia kufa kijijini, Thiers ndiyo iliyoendelea kuvitengeneza. Ukinunua Thiers, uliza kisu cha "plein manche", yaani mti umefunika mpini wote bila kofia za chuma. Pasipo na kiungo hapana ufa.

Ya tatu, Nontron ya Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mpini ni kipande kimoja cha mti wa Ulaya uitwao buis, wa manjano na mgumu, wenye alama zilizochomwa kwa moto.

Opinel, visu vingine vya kukunja vya Kifaransa, ni vya bei nafuu, basi. Mti wake wa mpini, uitwao hêtre, ukilowa huvimba mpaka bapa linagoma kufunguka. Namba 10 ina toleo lenye kizibuo.

Sasa hili la jina. Neno Laguiole halikulindwa, na kuanzia 1993 mfanyabiashara mmoja asiye wa kijijini alilisajili kwa bidhaa chungu nzima. Mwaka 2012 wanakijiji walikasirika hadi wakang'oa kibao cha jina la kijiji chao wenyewe. Wakati huohuo visu vyenye nyuki vinashuka kutoka China na Pakistani, vinapangwa dirishani kando ya bendera ya Ufaransa, na muuzaji hasemi uongo wowote, ananyamaza tu. Muulize maswali mawili: bapa limefuliwa wapi, na mpini umefungwa wapi? Akianza kukusimulia ile hekaya kwamba Napoleon ndiye aliyewapa alama ya nyuki, aga uondoke.

Kile cha euro 89 nilikipeleka kwa fundi wa visu hapa mjini. Alikigeuza, akaingiza karatasi kwenye ufa, akaniambia kubadilisha mpini kutagharimu zaidi ya nilicholipa dukani.