Seti za kugeuza gari dogo kuwa la kulala: ipi inafaa kununuliwa Uganda

Mtu anayeishi Kampala na kupenda kulala kando ya Ziwa Bunyonyi, karibu na maporomoko ya Sipi au katika kambi za Mbuga ya Ziwa Mburo hahitaji gari kubwa la safari. Anahitaji gari linalompeleka kazini Jumatatu na kugeuka chumba cha kulala Ijumaa jioni. Kwa hiyo nitazungumzia seti peke yake, yaani kitanda cha kukunja, kabati la jiko na droo ambazo zimekwisha kukatwa na kutobolewa, kazi ya mnunuzi ikibaki kuziunganisha na kuzifunga ndani ya gari. Wazo hili ni la siku nyingi: kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilitoa mwaka 1951 sanduku la kambi lililopachikwa ndani ya Volkswagen na kutolewa safari ilipokwisha. Uwezo huo wa kutolewa ndio ninaoutanguliza katika kupanga nafasi, kisha uzito, kisha wepesi wa kutengenezwa na fundi wa hapa pindi kitu kinapovunjika.

Gari lenyewe lichaguliwe kwanza, kwa sababu seti hufuata vipimo vya sakafu. Suzuki Every, yenye urefu wa mita 3.4 hivi na injini ya cc 660, hupita popote mjini na hunywa mafuta kidogo, lakini haikusudiwi kubeba mzigo wa zaidi ya kilo 350, na milima ya Kabale huihisi mapema. Toyota Noah hufaa familia, ila tumbo lake liko chini na mawe ya murramu hulifikia. Toyota TownAce ya kuanzia mwaka 2008 ina sakafu bapa, mlango mpana wa nyuma na injini ya lita 1.5; kwa watu wawili, hiyo ndiyo ninayoipendekeza. HiAce, ambayo hapa wengi huiita droni, ina takriban mita tatu za sakafu ya mizigo, nayo ni njema kwa mwenye watoto. Anayeagiza kutoka Japani akumbuke kwamba tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na kwamba magari makuukuu hutozwa pia ushuru wa mazingira, ambao unaweza kuharibu hesabu yote ya mtu aliyeangalia bei ya mnada pekee.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya plaiwudi inayokatwa hapa hapa kwa vipimo vya gari lako. Ndeeba, mtaa wa Kampala, ina mbao na maseremala wa kila kiwango, na fundi makini akipewa gari kwa siku moja ataweza kupima mwinuko wa matao ya magurudumu, jambo ambalo hakuna mchoro wa ng'ambo utakaolipata sawasawa. Mwagize atumie plaiwudi ya milimita 12 kwa sehemu nyingi na ya 18 pale tu panapobeba miili ya watu. Shiti moja ya futi nane kwa nne ya milimita 12 ina uzito wa kilo 20 hadi 24 kutegemea mbao yake, ilhali ya milimita 18 hufika kilo 30 hadi 36. Seti ya shiti tatu nene hulilemea gari dogo kwa karibu kilo mia kabla hujaweka hata sufuria. Halafu kuna jerikani. Seti nyingi nilizoziona huwa na pipa la maji la lita kumi au kumi na mbili lenye umbo lake la pekee, na likipasuka huna pa kulipata. Mpelekee fundi jerikani ya njano ya lita 20, ile ile inayobebwa kwa baiskeli kila kijiji, aijengee kabati lake, kwa maana hiyo utaijaza na kuibadilisha popote Uganda.

Kosa la kuepuka kwa nguvu zote ni skrubu zinazoingizwa moja kwa moja kwenye ukingo wa plaiwudi. Seti yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba inatosha. Katika murramu yenye mawimbi kati ya Kotido na Kaabong nilisikia mlio kama wa punje zikitikiswa ndani ya kopo. Niliposimama nikakuta skrubu kumi na moja sakafuni, vumbi laini la mbao kuzizunguka, na upande mzima wa kitanda umening'inia kwenye bawaba moja. Tangu siku hiyo nasisitiza bolti zenye nati za chuma zilizopachikwa ndani ya mbao, pamoja na mabano ya pembeni, na seti nzima ikazwe kwenye matundu ya bolti za viti yaliyo sakafuni tayari, ili gari likifunga breki ghafla kabati lisimrukie dereva.

Ya pili ni sanduku la kuagizwa kutoka Ulaya, linaloingia kwenye buti na kuwa na kitanda juu na jiko la kuvuta nyuma. Ufundi wake ni mzuri sana, reli za droo hazilalamiki, na hutolewa kwa dakika chache. Linashuka nafasi moja kwa sababu gharama ya kusafirisha, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hulipandisha bei mno, na kwa kuwa limepimiwa magari ya kwao.

Seti kamili ya kudumu kwa HiAce, yenye kuta, dari na makabati, naiweka ya tatu. Aliyeamua kuishi barabarani kwa miezi ataifurahia, lakini mwenye gari moja atakuwa amepoteza viti vyake. Fremu za alumini za kuunganishwa kwa bolti ni za mwisho: ni nyepesi na haziharibiwi na unyevu, ila hulegea kwa mtikisiko na vipuri vyake ni adimu.

Umeme ununuliwe kando na seti. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 hutoa takriban Wh (wati-saa) 600 tu ukitaka idumu, kwa kuwa haifai kushushwa chini ya nusu. Ya lithiamu fosfeti ya kipimo hicho hicho hutoa Wh 1,000 au zaidi kidogo na ni nyepesi zaidi ya nusu. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, paneli ya sola ikilazwa bapa juu ya paa haipotezi kitu cha maana. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Hapo usikubali mjadala.

Jiko lako livutwe nje ya mlango wa nyuma. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni unapolala, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la chini linalotoka nje. Sigiri isiingie garini hata ikiwa na makaa yanayofifia, maana kaboni monoksidi haina harufu na imekwisha kuua watu waliokuwa wakiota moto tu. Madirisha mawili yawe na wavu wa mbu unaokaza vizuri, upande huu na upande huu, ili hewa ipite.

Mlipe fundi nusu, kisha ulale ndani ya gari usiku mmoja ukiwa umeliegesha uani kwako, wawili kama mtakavyosafiri, mjaribu kugeuka, kukaa, kufungua droo gizani na kutoka kwenda msalani. Asubuhi andika yote yaliyogonga kiwiko na goti, umrudishie gari, na salio umpe akimaliza kuyarekebisha.